Shali Kitandani

"Sasa mie nilale wapi?" Nassibu aliuliza mlangoni, suruali yake imejaa saruji ya saiti.

Hamisa hakumtazama mumewe. Alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda, anaibana kwa pini shali mbichi ya hariri juu ya taulo, huku akiivuta taratibu mpaka maua aliyoyafuma yakafunguka.

"Kalale sebuleni. Na usiiguse. Ukiinyanyua hivi ilivyo mbichi inavutika, basi tena, hairudi."

Uzi wenyewe aliupata kwa kufumua sweta la mtumba alilolichambua sokoni Tandika. Ncha zote za nyuzi alishazificha, zisije zikamkwaruza mtoto, kisha akaiosha shali kwa maji ya baridi na sabuni kiduchu, bila kuikamua. Kesho mjukuu wao anatimiza arobaini, anatolewa nje, huko Sinza.

Nassibu alijua, na ndiyo maana alinuna. Binti yao alifunga ndoa ya bomani na Gaudens, kijana wa Bukoba, bila kumwambia baba yake. Tangu hapo mzee akapiga marufuku jina la Najma lisitajwe humo ndani, ingawa mtaa mzima wa Chamazi ulimwita yeye mwenyewe Baba Najma.

"Kesho twende wote, mume wangu."

"Siendi. Nenda na shali lako."

Maneno yalimuuma Hamisa. Hakuwa na hamu ya kwenda kumbeba mjukuu peke yake, kama mjane. Akajitanda khanga, akatoka kwenda kununua udi wa kuifukizia shali ikikauka.

Mvua ilimkuta dukani, mvua ile isiyobisha hodi. Hamisa akakumbuka bati lao linavuja, tena juu ya kitanda hasa. Akavua kandambili, akatimua mbio.

Chumbani, kitanda hakikuwa mahali pake. Nassibu alikuwa amekiburuza peke yake mpaka ukuta wa pili, na pale kilipokuwa ameweka ndoo. Mgongo wake ulikuwa umelowa chapachapa. Shali ilikuwa kavu kuliko yeye.

"Kona hii imechomoka," alisema kwa sauti ya kujitetea. "Nimeogopa kuirudisha. Vidole vyangu vina magaga, vinakamata nyuzi."

Hamisa aliirudisha pini.

Mvua ilipungua. Nassibu alikuwa bado amesimama.

"Anaitwa nani?"

"Raudha."

"Mkubwa kiasi gani?"

Hamisa akaweka viganja vyake juu ya shali: kichwa hapa, miguu pale. Alipoviondoa, Nassibu aliinama, akanyoosha mkono juu ya nafasi ile bila kuigusa hariri.

"Kadogo hivi?"

"Kadogo hivyo hivyo."

Mkono wake ukabaki pale, hewani.