Kwa Nini Ulibonyeza?

Mtaa mzima ulimwita Bi Tepu, kwa sababu utepe wa kupimia haukubanduka shingoni mwake hata akienda kununua chumvi. Alikuwa fundi cherehani kwa miaka ishirini na mbili, mjane, mwenye chumba kimoja cha kazi: mashine mbili, kioo kirefu, na pazia la kubadilishia nguo. Hakuwa fundi wa kubahatisha. Kila mteja alikuwa na ukurasa wake daftarini: kifua, kiuno, nyonga, urefu wa mkono, na chini yake maneno mawili matatu ya kumkumbusha. Na kama hujui, basi jua kwamba fundi wa nguo ana siri nyingi kuliko daktari. Kwa daktari watu huenda wakiumwa, kwa hiyo husema kweli. Kwa fundi huenda wakiwa wazima.

Mwaka uliotangulia bomba lilipasuka ukutani na daftari likalowa chapachapa. Ndipo shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, alipomletea ukombozi. Huyu alikuwa na duka la kutengeneza simu ng'ambo ya barabara, na watu walimwita Profesa, jina alilojipa mwenyewe kisha akasubiri wengine walizoee.

"Piga picha kila ukurasa, shemeji, tuzihifadhi mtandaoni," alimwambia. "Huko juu hakuna maji wala mwizi."

Akamfungulia akaunti moja ya picha na ujumbe, na neno la siri akamchagulia yeye mwenyewe: *cherehani*, likifuatwa na moja, mbili, tatu. "Rahisi kukumbuka," alisema kwa fahari. Kweli lilikuwa rahisi. Hata mtu asiyemjua Bi Tepu angelikumbuka.

Jumanne moja, saa nne asubuhi, bibi harusi mtarajiwa alikuwa amesimama juu ya kigoda, pindo la gauni limebanwa nusu, na Bi Tepu yuko magotini na pini sita mdomoni. Simu ikalia mlio wa ujumbe. *Mteja mpendwa, hifadhi yako imejaa. Picha zako zote zitafutwa baada ya dakika thelathini. Bonyeza hapa kuthibitisha akaunti yako.* Nembo ilikuwa ileile, rangi ileile. Bi Tepu akaona tena kurasa zilizolowa, wino umetambaa kama konokono. Akabonyeza, akaandika neno lake la siri, ukurasa ukamjibu, *Asante.* Wezi wa siku hizi wana adabu, tuwape haki yao. Wa zamani walivunja dirisha na hawakushukuru mtu.

Kesho yake ukaja ujumbe mwingine, huu hauna nembo: *Tunavyo vipimo vya wateja wako wote. Lipa, la sivyo tutavianika.* Bi Tepu akavuka barabara mbio, kiatu kimoja kinataka kubaki nyuma.

Profesa aliusoma, akacheka mpaka akashika meza. "Shemeji, nani duniani atataka kiuno cha mtu? Vijitu vya mtandaoni hivyo, vinatishia tu. Puuza."

Akapuuza. Miaka yote alikuwa akimbishia shemeji yake kwa kila jambo, toka bei ya simu hadi namna ya kupika wali, na siku aliyoamua kumtii bila neno ikawa ndiyo hiyo.

Alhamisi asubuhi kurasa zikaanza kumwagika katika kundi la simu la wateja, watu arobaini na ushee, tena kupitia akaunti yake mwenyewe na kwa mwandiko wake mwenyewe. Wa kwanza alikuwa Mama Keki, mwokaji wa mtaani, ambaye kwa miaka mitatu alikuwa akiwasimulia watu jinsi alivyopungua kwa kunywa maji ya moto. Ukurasa wake ulisema: *Kiuno 46. Anataka niandike 38. Shona 46, lebo weka 38.* Akafuata mke wa wakili, ambaye nguo zake zote zilitoka ng'ambo: *Lebo za kigeni zimebaki nne, amesema ataleta nyingine.* Naye Profesa hakusahaulika: *Koti la harusi. Mabega jaza pamba pande zote mbili, asionekane kama hanga ya nguo.*

Watu walicheka. Watu huchekea sana ukurasa wa mwenzao. Halafu kila mmoja akakumbuka kwamba daftari lina kurasa nyingi, na kicheko kikakauka.

Ukurasa wa tisa ulikuwa wa Mwalimu Mkuu wa shule ya msingi, mwanamke mrefu, mkimya, ambaye wanafunzi walinyamaza waliposikia tu viatu vyake. *Kifua: kushoto hakuna,* Bi Tepu alikuwa ameandika. *Shonea mfuko kwa ndani wa kuwekea sifongo.* Na chini yake, kwa herufi kubwa zilizopigiwa mstari mara mbili: *SIRI*. Kana kwamba mwizi angeliona neno hilo, aone haya, na kufunga daftari.

Kisha likatokea tangazo dogo la kijivu: Mwalimu Mkuu ameondoka kwenye kundi.

Kufikia saa tano chumba chake kilikuwa kimejaa wateja wasio na vitambaa mikononi. Mama Keki alitangulia, kifua mbele.

"Kwa nini ulibonyeza?" aliuliza.

"Nilidhani ni wenyewe, dada yangu."

"Wenyewe gani? Mimi nikiletewa ujumbe kama ule nautambua kabla sijaufungua. Unanuka!"

"Mtu mzima mwenye akili zake habonyezibonyezi," mke wa wakili alidakia. "Mume wangu anasema huo ni uzembe. Anasema kwa sheria hata wewe una sehemu yako."

"Mimi pia nimeibiwa," alisema Bi Tepu.

"Umeibiwa nini wewe? Viuno ni vyetu!"

Hapo Profesa alikuwa amesimama mlangoni, mikono kifuani, anatikisa kichwa kwa huzuni ya mtaalamu. "Nimemwambia mara ngapi shemeji yangu! Neno la siri lazima liwe gumu. Lakini watu wa rika hili, unawafundisha, wanasikiliza kwa sikio moja."

Bi Tepu alimtazama. Nyani haoni kundule, na huyu hata kioo kirefu kilikuwa mbele yake.

Alikwenda polisi. Ofisa alikuwa na kalamu isiyoandika na daftari lisilo na jalada, akamsikiliza mwanzo mpaka mwisho bila kumkatiza. Bi Tepu akaanza kupata matumaini. Ofisa akakung'uta kalamu.

"Sasa, mama, kwa nini ulibonyeza?"

Aliondoka na namba ya jalada kwenye kipande cha karatasi. Njiani ikamjia kwamba tangu asubuhi ameulizwa swali lile na watu kumi na saba, akiwemo muuza magazeti asiye mteja wake. Hapakuwa na hata mmoja aliyeuliza kwa nini mwizi aliiba. Mwizi alionekana kuwa kama mvua: mvua hailaumiwi, hulaumiwa aliyeanika nguo.

Ijumaa, kabla jua halijakaa sawa, ukaingia ujumbe mpya kundini, tena kwa jina la Bi Tepu, ingawa yeye alikuwa amekwisha kufungiwa nje ya akaunti yake kama mgeni asiyetakiwa. *Orodha kamili ya wateja wote iko hapa. Bonyeza uone kama na wewe umo.*

Bi Tepu aliuona kwenye simu ya jirani. Akatoka mbio, akampigia Mama Keki kwa simu hiyo ya kuazima. "Usifungue! Si mimi! Waambie wote wasifungue!"

"Unanifundisha mimi?" alisema Mama Keki. Sauti yake ilikuwa na haraka ya mtu ambaye kidole chake kina kazi nyingine.

Kufikia adhuhuri, wateja kumi na tisa walikuwa wakiwatumia ndugu, majirani na wachumba wa zamani ujumbe uleule, kila mmoja akiapa kuwa si yeye. Mama Keki, mwenye pua ya kunusa hatari, ndiye alikuwa wa kwanza. Mke wa wakili alisema alibonyeza kwa bahati mbaya, mara mbili. Wakili mwenyewe, yule wa uzembe na sehemu yako, akaunti yake ilimtumia hakimu mmoja mwaliko wa kutazama viuno. Profesa hakukana. Alisema alibonyeza kwa ajili ya uchunguzi.

Ungedhani Bi Tepu alifurahi. Alifurahi kweli, tusimpake utakatifu. Alikaa kwenye kigoda akacheka peke yake hadi machozi yakamtoka. Lakini yalipoanza kutoka hayakukoma upesi, na alipojifuta alijua analilia ukurasa wa tisa.

Jumatatu alikwenda shuleni. Ofisi ya Mwalimu Mkuu ilinukia chaki na karatasi mpya. Madaftari ya kusahihishwa yalirundikwa hadi usawa wa dirisha.

"Karibu, fundi. Funga mlango."

Bi Tepu hakukaa. "Mwalimu, nimekuja kukuomba radhi. Walinidanganya. Ule ujumbe ulikuwa na nembo kabisa, na mimi nilikuwa na pini mdomoni, na bibi harusi..."

"Najua. Kaa." Mwalimu Mkuu alifunika kalamu yake. "Sikuulizi kwa nini ulibonyeza. Nilipokuwa mgonjwa nilibonyeza kila tangazo la dawa lililopita machoni mwangu, mpaka la mafuta ya mamba. Mtu mwenye hofu hubonyeza. Mimi nina swali jingine. Kwa nini uliandika?"

Bi Tepu alikuwa amekaa siku nne akitunga majibu ya lile swali la kwanza.

"Ili nisisahau."

"Ungesahau?"

Akaikumbuka siku ile nyuma ya pazia: Mwalimu Mkuu anafungua vifungo kimoja kimoja, macho yake ukutani, halafu anasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeagiza mfuko wa koti, kwamba upande huu utahitaji kujazwa.

"Hapana," alisema. "Nisingesahau."

"Basi."

Nje kengele ililia, na vishindo vya miguu ya watoto vikapita kama mvua ya mawe. Mwalimu Mkuu akasubiri vipungue.

"Kwa hiyo unanilaumu," alisema Bi Tepu.

"Mwizi namlaumu kwa kuiba. Wewe nakulaumu kwa kuandika. Ni karatasi mbili, fundi, usizichanganye. Huko nje wote wanakusahihisha kosa ambalo si lako, na lililo lako hakuna aliyeliona." Akageuza uso kidogo. "Ijumaa mwalimu wa hesabu alinifungulia mlango. Miaka sita tunafanya kazi pamoja, hajawahi. Na wote sasa wananitazama usoni. Kwa nguvu, unanielewa? Wananikazia macho usoni ili yasiteremke."

Bi Tepu alitaka kusema *nisamehe*, akaona neno lenyewe linamwomba mwalimu afanye kazi nyingine juu ya zile alizonazo. Akauliza, "Nifanye nini?"

"Wametoa kurasa ngapi?"

"Kumi na nne."

"Na daftari lina ngapi?"

"Sitini na moja."

"Nenda kwa hao waliobaki. Mmoja mmoja, kwa miguu yako. Waambie ukurasa wao unasema nini kabla hawajausoma kwa watu."

Ilimchukua siku nane. Mzee mmoja mstaafu, ambaye suruali zake zilishonewa mfuko wa siri wa kuficha sigara, alimfukuza mlangoni kisha akamwita tena kumwomba asimwambie mkewe. Msichana mmoja ambaye Bi Tepu alimwandikia *kiuno kinaongezeka, usiulize*, alishukuru, na jioni hiyohiyo akamweleza mama yake mwenyewe. Wengine walimtukana. Mmoja tu, muuguzi, alisema, "Pole, fundi, na wewe." Kurasa nyingine kumi na moja zilitoka baadaye, wenyewe hawakushtuka. Mwizi hakupatikana. Kwa kweli hakutafutwa.

Mama Keki alirudi baada ya mwezi, kwa sababu alizunguka mafundi watatu na wote walimwandikia 46 mbele ya macho yake. Profesa alitundika bango dukani: *Hapa Tunafundisha Usalama wa Mtandao*. Alipata wanafunzi. Bi Tepu alinunua daftari jipya, akaandika humo tarakimu tupu. Mengine aliyaacha kichwani, ambako kulianza kujaa.

Mwalimu Mkuu hakurudi. Muhula ulipofungwa alipita mbele ya chumba cha fundi akiwa na gauni jipya la samawati, kazi ya mkono mwingine. Bi Tepu alikuwa mlangoni akikunjua kitambaa. Macho yake ya kazi yaliona mara moja: bega la kulia limevutwa, na upande wa kushoto hakuna sifongo wala kitu. Gauni lilishuka pale likiwa bapa, wazi, na mwenye gauni alitembea wima kama kawaida yake.

"Fundi."

"Mwalimu. Hujambo?"

"Sijambo." Alisimama. "Bega limekaa vibaya, si kweli?"

"Kidogo tu."

"Nilijua." Mwalimu Mkuu alilivuta bega kwa vidole viwili, likarudi palepale. "Nitakuletea ulirekebishe."

Akaenda zake. Hakusema lini, na Bi Tepu hakumwuliza.