Sahani ya Mama Mkwe

Nilikwenda Geita na mfuko mkubwa wa shangazi kaja, na ndani yake hamkuwa na kitu zaidi ya michembe ya viazi vitamu vilivyokaushwa, karanga, khanga zangu mbili na nsansa, yale majani ya kunde tunayoyachemsha na kuyaanika juani. Nafasi yote iliyobaki ilikuwa ya nguo za Martina na za mtoto wake. Sikwenda kutembea. Nilikwenda kumchukua mwanangu nimrudishe nyumbani Mhunze.

Martina alikuwa amejifungua kwa kupasuliwa. Mwanamke mwenye mshono hainami kwenye jiko la mkaa, wala hainui sufuria ya maji. Na mume wake, Eustace, ni mchimbaji. Wachimbaji nawajua, wamepita sana kwetu. Duara, lile shimo lao la dhahabu, likitema, wanakula kuku. Lisipotema, wanakula maneno. Nikajiuliza, mwanangu atapikiwa na nani? Nani atamkorogea uji wa uwele usio na madonge? Nikafunga nyumba, kuku nikamwachia jirani, nikapanda basi.

Eustace ni Mzinza wa huko ziwani. Tangu amwoe Martina sikuwahi kumtazama usoni, na yeye hakuwahi kunitazama, na ndivyo inavyotakiwa. Mkwe ni mkwe. Ila adabu hiyo ni rahisi kwenye boma lenye nyumba tatu na zizi. Pale Kalangalala, mjini Geita, walipanga vyumba viwili na sebule, na jiko la mabati uani. Basi akifika getini anakohoa. Mimi nikisikia kikohozi naokota khanga yangu na kuingia chumbani kwa Martina, hata kama nimeshika kitunguu mkononi. Nikitaka kwenda chooni, Martina anaita, "Baba, hebu angalia huko mbele kama mvua inakuja," naye anaelewa, anatoka kwa mbele, mimi napita kwa nyuma. Jua linawaka, mtu wa watu anakwenda kuangalia mvua.

Mtoto ni wa kike, na walimpa jina langu, Nyamizi. Nilifurahi, sitasema uongo. Lakini mkwe hatamki jina la mama mkwe wake, kwa hiyo baba mtu akabaki kumwita Mgeni. "Mgeni amenyonya? Mgeni amelala?" Namsikia kupitia ukutani. Mtoto ana jina zuri hivyo, anaitwa mgeni ndani ya nyumba yao wenyewe.

Siku ileile niliyofika nilimwambia Martina mpango wangu.

"Mshono ukikauka, tunaondoka wote. Utakaa kwangu mpaka mtoto atembee."

"Sawa, mama," alisema. Alisema kwa sauti ileile aliyokuwa akinijibu utotoni nikimtuma kutoa kinyesi zizini.

Tukagawana kazi. Chakula cha mchana kilikuwa changu. Kuanzia saa kumi, Eustace akirudi, mimi niko chumbani kwa adabu zangu, na chakula cha jioni, Martina aliniambia, kingepikwa na jirani yao wa mlango wa pili, Loveness, ambaye pia angeosha vyombo vya mchana. Nilimwona huyo Loveness. Kucha ndefu, wigi jekundu. Nikasema moyoni, leo tutakula mkaa.

Nisikilize, mimi jikoni ni mkali. Maharage hayatiwi chumvi mpaka yaive, ukiyawahi yanakaza ngozi na utaunguza mkaa wa watu bure. Nsansa unaziloweka kwenye maji ya vuguvugu, unayamwaga yale maji ya kwanza, na magadi unatia ya kuonja tu, si ya kufulia. Karanga za kuunga unazikaanga kidogo sana, zikiwa nyekundu umeshachelewa. Na mwiko hauachwi ndani ya sufuria kama mtu aliyezama. Martina haya yote aliyalia machozi akiwa msichana, ndiyo maana anajua kupika.

Sasa chakula cha jioni ya kwanza kikaja. Maharage. Yameiva, yamerojeka, mchuzi mzito, chumvi imeingia mwisho. Nilionja nikachota tena. Jioni ya pili, sato wa supu, hajavunjika hata pezi, ana ndimu na pilipili mbuzi inayonukia bila kuwasha, ndiyo supu anayotakiwa kunywa mzazi ili maziwa yashuke. Na maziwa yakashuka. Asubuhi nikamfuata Loveness akiwa anafagia mlangoni kwake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Binti, wabeja, asante sana. Nilikudharau kwa ajili ya hizo kucha. Una mkono."

"Aa, mama, kawaida tu," akasema, akaanza kufagia mahali alipokwisha kufagia.

Ila jikoni mle kulikuwa na jambo linanisumbua. Kila asubuhi nilikuta kopo la chumvi limehamia upande wa kushoto wa jiko. Kisu kushoto. Mwiko umetundikwa vizuri, lakini kwenye msumari wa kushoto. Nikaona Loveness ni wa mashoto, basi. Halafu siku moja nikamwona barazani akichambua mchele, mkono wa kulia unakwenda kama cherehani. Nikashangaa, nikaacha. Nilikuwa na shida zangu.

Shida yangu ilikuwa meno. Magego ya juu yalishaniaga, na la chini lililobaki lilikuwa linaniuma mpaka sikioni. Hilo nilimficha Martina. Mtu aliyekuja kuuguza hawezi na yeye kuanza kuugua. Mchana nikimpikia michembe yake ngumungumu kama anavyoipenda, na karanga nzima, nilikaa naye kitandani tukala kila mtu na sahani yake, yeye anamtazama mtoto, mimi namumunya. Nyama niliisukuma chini ya ugali. Ninachoshindwa nakifunika, sahani naipeleka kwenye beseni nje. Nani ahangaike na masalia ya bibi kizee?

Mshono ukakauka. Muuguzi akasema safari ni ruhusa. Nikaanza kukunja nguo za mtoto na kuzipanga kwenye shangazi kaja, na Martina akanisaidia kukunja. Ikabaki kununua dagaa wa kubeba. Siku hiyo nikatoka kwenda sokoni mchana, nikijua nitarudi kabla ya saa kumi. Mvua ikanibana sokoni, mvua ya kweli safari hii. Ilipopungua nikapita njia ya uani, matope mpaka kwenye vifundo, dagaa kichwani.

Nikafika nyuma ya jiko la mabati, nikasikia mchi unatwanga. Nikataka kuita, "Loveness, umewahi leo!" Kabla sijaita nikamwona Loveness mwenyewe, kakaa barazani kwake anasukwa nywele.

Nikasogea kwenye tundu la msumari. Nisamehewe, nilichungulia. Sikuona uso. Niliona buti za mvua zenye udongo mwekundu, na mkono wa kushoto, mnene, wenye kovu, umeshika mchi. Mwanamume. Mkwe wangu. Anatwanga karanga.

Damu ikanipanda. Kwetu mwanamume haingii jikoni kama yupo mwanamke nyumbani, anaota moto wake nje anasubiri. Nilitaka niondoke, lakini ningepita wapi? Nikirudi, matope yangelia; mbele ni uani, angeniona. Nikabaki pale kwenye manyunyu na dagaa wangu. Ndipo akaongea, akielekea dirisha la chumbani kwa Martina lililo hatua chache kutoka jikoni.

"Martina. Mama kaacha tena michembe."

"Atakuwa ameshiba."

"Hajashiba. Njoo uone sahani. Kaila pembeni palipolainika, katikati kaacha. Karanga kazimumunya chumvi, zenyewe hizi hapa, nzima. Nyama kaificha chini ya ugali. Jana hivyohivyo, juzi hivyohivyo. Meno yanamuuma huyu mama."

"Hajaniambia. Na nakula naye kila siku, Eustace."

"Wewe unakula naye. Mimi naosha sahani."

Martina akasema, "Wewe acha hizo karanga, atarudi sasa hivi. Akijua ni wewe unayepika siku zote hizi, atasema nimeolewa na mwanamke mwenzangu. Hapo ndiyo atanichukua moja kwa moja."

"Si ameshafunga mfuko?" Mchi ukatwanga mara mbili tatu, taratibu. "Akiwachukua, awachukue ameshiba."

Sijui nilisimama pale muda gani. Maji yalikuwa yanatiririka mgongoni. Tangu mama yangu mzazi afariki, mimi ndiye ninayepika na ndiye ninayegawa. Wakwe nimewapikia, watoto nimewapikia, marehemu mume wangu nilimpikia mpaka kijiko cha mwisho. Hakuna aliyewahi kutazama sahani yangu baada ya mimi kuinuka. Nililia, na sioni haya kusema kwamba nililia, ingawa kwenye mvua mtu anaweza kusingizia.

Kisha nikafanya kitu ambacho yeye ndiye aliyenifundisha. Nikakohoa.

Ndani ya jiko kila kitu kikasimama. Buti zikatoka mbio, zikazunguka mbele ya nyumba, na geti likalia. Nikaingia. Michembe yangu ilikuwa jikoni, ameikatakata vipande vidogo vya kulisha mtoto, ameiloweka mapema, inachemka kwa moto mdogo na kifuniko juu. Kwenye kinu, karanga zilikuwa zimekuwa unga laini kabisa. Amezikaanga kidogo sana. Nikachochea makaa kwa upande. Nikaonja, nikaongeza chumvi chembe, nikarudisha kopo kushoto nilikolikuta. Halafu nikaenda chumbani kubadili nguo, na kupitia ukutani nikasikia buti zinarudi.

Jioni ile sahani ilikuja imefunikwa kawa. Michembe imelainika kama ndizi ya kuiva, imeungwa na karanga, na maziwa mgando pembeni. Nikala. Sikumumunya, nilikula. Martina alikuwa ananitazama kwa kona ya jicho, na safari hii mtoto alikuwa analia na yeye hasikii. Nilipomaliza nikapitisha kidole kwenye sahani, nikairamba, nikampa.

"Peleka kwa huyo anayeosha."

Akaishika ile sahani kwa mikono miwili. "Mama..."

"Jino linaniuma, Martina. Kesho nitakwenda hospitali, nikang'olewe. Halafu kesho kutwa nitasafiri."

Macho yakaenda kwenye mfuko. "Haya. Nitamalizia kukunja, mama."

"Utamalizia kukunjua. Utoe hizo nguo, uzirudishe kabatini. Nilikuja hapa kwa sababu nilidhani hamna mtu. Sasa nikupeleke Mhunze nikakupikie mimi? Mimi sikuwahi kutazama sahani ya mtu, ng'wana wane. Mimi najua kupika tu."

Akaweka sahani chini akanikumbatia kwa tahadhari, kwa sababu ya mshono, akalia begani kwangu kama alivyokuwa akilia zamani nikimfundisha nsansa.

Siku ya safari niliamka nikasikia mkaa unapepewa. Hakujificha tena, au labda Martina alikuwa ameshasema naye. Nikajifunga khanga, nikafunika kichwa, nikaenda nikasimama nje ya jiko, mgongo wangu ukiegemea mabati. Yeye ndani, mimi nje. Adabu iko palepale.

"Baba," nikasema. Kipepeo kikanyamaza.

"Shikamoo, mama," ikajibu sauti ndogo kuliko zile buti.

"Marahaba. Hizo nsansa nilizoleta, maji ya kwanza umwage."

"Ndiyo, mama."

"Magadi usizidishe. Na uji wa Martina, unga uukoroge kwanza na maji baridi, usimwage mkavu kwenye maji yanayochemka."

"Ndiyo, mama. Kambini kwetu machimboni tulikuwa tunamwaga mkavu."

"Ndiyo maana mlikuwa wembamba."

Akacheka, akajiziba mdomo. Ndani ya nyumba mtoto akaanza kulia, ule mlio wake wa njaa unaoanza polepole. Martina alikuwa anaoga. Nikasikia Eustace anainuka, anasita, kwa sababu mlangoni nipo mimi.

"Pita," nikasema, nikageukia ukuta. "Na huyo mtoto si mgeni. Ana jina. Mimi mwenyewe nimekuruhusu, umwite jina lake."

Akapita nyuma yangu, harufu ya moshi na karanga. Mtoto akaendelea kulia, halafu akabebwa, nikasikia mbeleko ikikung'utwa. Mtu anajaribu neno kwenye ulimi kama anayeonja kitu cha moto.

"Nyamizi," akasema, taratibu sana, kwa heshima yote. "Nyamizi."

Mtoto akanyamaza. Na mimi, uso ukutani, khanga kichwani, nikajikuta nimeitika.

"Abee."