Dole Gumba la Balozi

Mgeni wa wafadhili alitarajiwa kufika Alhamisi. Jumanne asubuhi Dokta Valerian alimkabidhi Euphrasia kikopo cha wino wa mhuri na fomu moja tupu.

"Nenda kwa Mama Klara," alisema. "Aweke dole gumba. Tarehe uandike ya mwezi wa tatu, kabla ya sindano ya kwanza. Wengine mgeni hatawagusa, ila huyu lazima atamuuliza."

Dokta hakuwa mtu mbaya, tusimwonee. Siku tatu hakuwa amepata usingizi. Lakini woga nao ni bwana mkubwa, ukiamuru unatiiwa.

Euphrasia alikuwa muuguzi wa mradi wa malale. Mwaka ule wa 1976 mradi ulikuwa ukijaribu dawa mpya ya kinga, kwa ng'ombe na kwa watu, katika kijiji kimoja cha njia ya Bugarama kilichojaa mbung'o. Fedha zilitoka ng'ambo, na zilikuja na sheria zake: kila atakayechomwa asomewe fomu kwa lugha anayoielewa, kisha akubali mwenyewe. Kwa mtoto akubali mzazi wake, na kwa ng'ombe akubali mwenye ng'ombe.

Kwa ng'ombe hapakuwa na shida. Msukuma gani atamwachia jirani aweke dole kwa ajili ya ng'ombe wake? Wenye mali walikuja mmoja mmoja wakauliza maswali siku nne mfululizo. Dawa ikimuua, nani atalipa? Maziwa yatanyweka? Nikitaka kumtoa, nitamtoa? Euphrasia aliwajibu wote mpaka sauti ikamkauka.

Zamu ya watu ilipofika, mvua ilikuwa imeshaanza kukata njia, na ni Euphrasia mwenyewe, si mwingine, aliyetoa wazo. Si yupo balozi wa nyumba kumi? Sukari ya mgawo hupitia kwake, mikutano huiitisha yeye, mgeni akilala kijijini huandikishwa kwake. Basi Balozi Maduhu akaketi kwenye kiti cha ofisi, akaweka dole lake mara arobaini na moja, huku akitabasamu kwa furaha ya kuaminiwa. Kwa asubuhi moja kazi ikawa imekwisha. Hakuna aliyeona kosa, kwani mambo yote ya kijiji yalikwenda hivyohivyo.

Watu arobaini hawakudhurika. Wa arobaini na moja alikuwa Klara, binti wa miaka kumi na mmoja, ambaye baada ya sindano ya tatu alianza kupapasa ukuta akitafuta mlango.

Euphrasia alimkuta Mama Klara uani akianika michembe juu ya mwamba. Klara alikuwa kando yake, akivipanga vipande vya viazi kwa kuvigusagusa.

"Ng'wangaluka, mayu," Euphrasia alisalimu.

"Ng'wangaluka, nesi. Umeleta dawa ya macho?"

"Nimeleta karatasi."

"Ya matibabu yake?" Mama Klara alijifuta mkono kwenye khanga, akanyoosha dole gumba kabla hajaambiwa neno. "Niweke wapi?"

Dole lile lilikuwa mbele yake, tayari. Euphrasia alifungua kikopo cha wino. Angemaliza kazi yake pale pale na kurudi kabla ya chakula cha mchana. Lakini aliona haya, haya ya kweli iliyomchoma usoni, akakifunga tena.

"Ngoja nikusomee kwanza."

Akamsomea yote, kwa Kiswahili, kisha kwa Kisukuma: kwamba dawa ni ya majaribio, kwamba inaweza kudhuru macho, kwamba mzazi anaweza kukataa na mtoto asinyimwe matibabu mengine.

Mama Klara aliushusha mkono. "Hayo ya macho mliyajua lini?"

"Tangu mwanzo."

"Na Baba Klara alipomleta ndama wetu, mlimwambia kwamba anaweza kukataa?"

"Tulimwambia."

"Akakataa." Mama Klara alielekeza kidevu nyuma ya nyumba. "Alisema ndama ni mmoja tu, hakuna wa kujaribu kitu juu yake. Yule pale, mzima."

Euphrasia aligeuka kumtazama ndama.

"Sasa leo dole langu la nini?"

Mficha uchi hazai. "Si la kumtibu Klara," Euphrasia alisema. "Ni la kutuokoa sisi. Mgeni wa wafadhili anakuja Alhamisi. Na mimi ndiye niliyesema balozi anatosha."

"Basi andika hivyo. Uandike na tarehe ya leo."

Euphrasia aligeuza fomu, akaandika upande wa nyuma: nani hakuulizwa, nani aliweka dole, wazo lilikuwa la nani. Alijua kwamba kwa maandishi yale kazi yake ilikuwa imekwisha, na huenda mradi pia. Alipomsomea, Mama Klara alisikiliza hadi neno la mwisho, akachovya dole kwenye wino, akalibandika chini.

"Hilo nimelikubali," alisema. "Umpe huyo mgeni mkononi mwake."

Klara aliinua uso, akaugeuzia upande ambao hapakuwa na mtu.

"Mama, ni nani analia?"

"Ni nesi," mama yake alisema, akaendelea kuanika michembe.