Kidole cha Karani

Hamdun alikuwa karani wa wafanyakazi, na kwa ukarani huo alijiona mtu kamili. Ofisi yake ilikuwa chumba kimoja mjini, Nakasero, juu ya duka la vitambaa. Shamba lenyewe, la kahawa, lilikuwa maili kumi na mbili nje ya mji. Mwenye shamba, Mhindi, alikuwa amefukuzwa nchini pamoja na wenzake, na shamba likapewa Meja mmoja wa jeshi asiyejua mti wa kahawa na mpera inatofautiana wapi. Nani kaajiriwa, nani analala wapi, nani kaumia, yote yalikuwa juu ya Hamdun.

Jumamosi moja ya mwaka 1974 Meja akapiga simu. Jumatatu mkaguzi wa kazi anakuja, na anataka kuona mkataba wa kila kibarua, umetiwa kidole. Mikataba sitini ilikuwa haijaguswa. Vibarua wako shambani, petroli haipatikani, na Meja si mtu wa kuambiwa haiwezekani. Hamdun akaibeba mikataba nyumbani kwake Makindye, na Jumapili akaketi mezani na pedi ya wino, akabonyeza kidole gumba chake mwenyewe mara sitini.

"Leo umekuwa watu sitini," mkewe Mwanawetu akamtania. "Basi niteleke sufuria ya harusi."

Hamdun akacheka naye. Baadaye, kila alipoikumbuka siku ile, kicheko hicho ndicho kilichomwumiza kwanza. Wino nao ulikataa kutoka. Alitawadha nao, akaswali nao.

Mkaguzi, mzee Saverio, aligonga muhuri wake bila hata kutoa miwani mfukoni. Meja akafurahi, na mambo yakaonekana yamekwisha.

Wiki mbili baadaye polisi walimkamata Mugisho huko Kabalagala. Alikuwa Mkongo, mchumaji wa kahawa wa shamba lile, na hakuwa na kitambulisho. Siku zile mgeni asiye na karatasi aliitwa jasusi kabla hajaulizwa jina. Mugisho akawaambia ana kazi, na mkataba wake uko kwa karani. Ndipo Koplo Khisa, polisi mpole wa maneno, akamtia kidole kwenye karatasi na kuja nayo Nakasero. Nyuma yake aliingia Kahambu, mke wa Mugisho, akasimama karibu na mlango.

Khisa akautaka mkataba wa Mugisho, akaulaza mezani, na karatasi yake kando.

"Karani, hii mbili haifanani. Ya mukataba iko na mustari katikati. Ya huyu mutu hapana. Sasa wewe sema, ni yeye ama si yeye?"

Mstari ule ulikuwa kovu la kukatwa na mkebe wa samaki, na kovu lilikuwa kwenye kidole cha Hamdun. Mkono ukajiingiza mfukoni wenyewe. Akisema kweli, Meja atajua kabla ya adhuhuri, na watu waliowaudhi wakubwa wa namna ile walikuwa wakitiwa kwenye buti la gari, wasionekane tena. Akamkumbuka Mugisho vizuri sana. Msimu wa mvua Mugisho alimvusha kinamasi mgongoni, ili viatu vya karani visilowe.

"Mfanyakazi wetu ndiye mwenye kidole cha kwenye mkataba," Hamdun akasema. "Huyo wenu simjui."

Khisa akakunja karatasi yake polepole. "Basi. Kesho kutwa, Ijumaa asubuhi, anapanda lori ya mupaka."

Kahambu hakulia. Alikuwa hamtazami Hamdun usoni. Alikuwa anatazama ule mfuko.

Kesho yake akarudi peke yake, akaomba aandikiwe barua ya kupeleka polisi. Hamdun hakuwa na uso wa kukataa.

"Andika, baba karani. Kidole ya mukataba si ya bwana yangu."

Akaandika. Kahambu akatia kidole chake chini, kisha akaisukuma pedi ya wino upande wa pili wa meza.

"Na wewe weka yako. Wakiona ule mustari, watajua."

Hamdun akaitazama pedi. "Mama, mimi najua kuandika," akasema. "Anayejua kuandika hatii kidole, anatia sahihi."

Kahambu akatoa kitabu cha sala ndani ya kitenge chake, akakifungua ukurasa wa kwanza. Palikuwa na jina la Mugisho na tarehe ya ndoa yao, kwa mwandiko ulionyooka kuliko wa Hamdun.

"Hata yeye anajuaka kuandika. Alikuwa katekista kwetu. Haukumuuliza."

Uso ulimwaka Hamdun. Sitini wote, hakumwuliza hata mmoja. Aliona haya mpaka akatamani sakafu immeze, na pamoja na aibu yote hiyo mkono haukwenda kwenye pedi. Ulikwenda kwenye kalamu. Akatia sahihi yake nzuri, isiyosema chochote. Kahambu akaikunja barua.

"Asante, baba karani," akasema, na akaenda zake.

Ijumaa Hamdun alifika kituoni saa moja asubuhi. Alikuwa amekwisha kutia wino tangu nyumbani. Akakiweka kidole mezani mbele ya Khisa, kovu juu, bila salamu. Khisa akakitazama.

"Lori imetoka saa kumi na mbili," akasema. "Bibi yake amepanda pamoja na yeye. Barua tulisoma, karani, lakini sahihi yako haikutuonyesha kitu. Ungeleta hii jana."

"Utamwambia Meja?"

"Nimwambie nini? Mutu amekwenda."

Jumatatu Hamdun alipanda baiskeli mpaka shambani, na mikataba mipya hamsini na tisa, pedi ya wino, na kalamu tatu. Akawakusanya vibarua penye uwanja wa kuanikia kahawa.

"Nani hapa anajua kuandika jina lake?"

Wakatazamana, maana tangu waajiriwe hakuna aliyewahi kuwauliza. Kisha mkono mmoja ukainuka, na mwingine, na mwingine, na ikazidi kuinuka, hata Hamdun akaona kalamu tatu hazitatosha.