Ombi Namba 58

Mtaani walimwita Bwana Toleo, na jina lilimkaa barabara. Alipokuwa kazini, akizunguka nyumba kwa nyumba kusoma mita za umeme, alikuwa mtu wa kawaida tu, anayeogopa mbwa na kupenda kivuli. Alipostaafu ndipo mambo yalipoharibika. Alikuta kwenye intaneti jukwaa la mafundi wa hiari wanaotengeneza programu huria za ruta, vile visanduku vya kugawa mtandao, akaing'oa programu iliyokuja na ruta yao ya nyumbani, akatia ya hao wenzake, na tangu siku hiyo ukimwuliza habari za asubuhi anakuambia toleo jipya la programu linatoka lini.

Si kwamba alikuwa mjinga. Laiti angekuwa mjinga, nyumba ingepumzika. Alijua, tena alijua kweli. Shida ni kwamba alileta nyumbani na desturi za jukwaani. Kule mwenye shida hasemi, anaandika. Basi naye akatundika daftari kwenye mlango wa jikoni. Kila ombi liwe na namba, shida yenyewe, hatua za kufanya shida itokee, na matokeo yanayotarajiwa. Maneno ya mdomo hayana namba, alisema, kwa hiyo hayapo. Mama mkwe wake alipokuja kuwasalimia, akauliza kwa nini simu yake haishiki mtandao, alielekezwa kwenye daftari. Bibi wa watu akajibu kwamba hakulea binti ili aje kuolewa na posta, akaondoka hata kiti hajakipasha moto.

Mkewe alivumilia. Alikuwa mwalimu, miaka ishirini na miwili darasani, na uvumilivu huohuo ndio uliomponza. Mara mbili aliomba ukuu wa shule, mara mbili akanyimwa, na sababu ilikuwa ileile: mpole mno, hatawaweza walimu wakaidi. Sasa nafasi ilikuwa imetokea tena, usaili kwa njia ya video, Alhamisi saa nane mchana. Ya tatu hiyo, na kwa umri wake ya nne isingekuwapo. Basi akaenda kwenye mlango wa jikoni, akajaza kama sheria ya nyumba inavyotaka:

"Namba 58. Shida: mtandao usiguswe Alhamisi siku nzima, nina usaili saa nane. Hatua za kufanya shida itokee: mwache baba watoto peke yake na ruta. Matokeo yanayotarajiwa: kuwa mwalimu mkuu."

Bwana Toleo alilisoma ombi hilo kama wanavyosoma jukwaani, yaani maneno mawili ya kwanza na mengine akajijazia. Mtandao usiguswe. Akakumbuka kwamba namba 41, la huyohuyo mkewe, lilitaka mtandao usiguswe wakati wa vikao vya shule, naye alilifunga kwa jibu la "halitatekelezwa". Akachukua kalamu nyekundu, akaandika chini ya 58: "Limeshaombwa. Tazama 41." Roho yake ikatulia. Kuna watu Mungu kawajalia macho ya kusoma mita tu, mengine hawayaoni.

Alhamisi, saa saba mchana, toleo jipya likatoka, na hilo halikuwa toleo la mchezo. Lilibeba itifaki mpya ya intaneti, yaani kanuni za vifaa kupewa anwani na kuwasiliana, kamili, aliyoingoja mwaka na ushei. Anwani za itifaki ya zamani zimekwisha duniani, alikuwa akimweleza kila aliyekosea akasimama, watu wanachangia anwani moja kama wapangaji wanavyochangia bafu. Kwa itifaki mpya kila kifaa kingekuwa na anwani yake, simu, televisheni, hata pasi, na nyingine zikabaki za wajukuu. Mkewe alikuwa chumbani akinyoosha blauzi. Kwamba wiki hiyo kulikuwa na usaili Bwana Toleo alikuwa anakumbuka. Siku yenyewe ndiyo iliyompotea, kwa kuwa aliambiwa kwa mdomo. Akajiambia dakika tano tu zinatosha. Dakika tano za mafundi sote tunazijua.

Kazi ilikwenda vizuri ajabu. Taa za ruta zilizimika, zikawaka nyekundu, zikageuka kijani. Simu ikapata anwani mpya, kompyuta ikapata, televisheni ikapata, zikasalimiana humo ndani kwa adabu ambayo siku hizi hata ndugu hawana. Furaha ikampanda kichwani. Akafanya jambo ambalo hata wenzake wa jukwaani wangemshika mkono: akaizima kabisa itifaki ya zamani, ati nyumba iache kuishi ya kale.

Papo hapo hakuna kilichotoka nje wala kuingia. Maana kampuni iliyowaletea mtandao ilikuwa haijaifikisha itifaki mpya mtaani kwao. Mwaka wa tatu sasa inawaandikia wateja kwamba maandalizi yanaendelea. Hilo Bwana Toleo hakuwahi kuliuliza, aliona ni swali la watu wasiojua. Akajaribu kuirudisha ya zamani. Kumbe toleo jipya lilikuwa limeifuta nywila ya kampuni pamoja na mipangilio mingine yote. Nakala ya mipangilio hiyo alikuwa nayo, tena ameihifadhi kwa uangalifu mkubwa mahali salama kuliko pote, yaani mtandaoni.

Ikafika saa nane kasorobo. Mkewe akatoka chumbani, blauzi imenyooka, kompyuta ya mkononi kaikumbatia. Aliziangalia taa za ruta, akamwangalia mumewe aliyepiga magoti sakafuni na waya mdomoni.

"Si niliandika?" akauliza taratibu.

Bwana Toleo akautoa waya ajibu kwamba ombi lilikuwa limeshaombwa, na kwa mara ya kwanza tangu astaafu akayasikia maneno yake kabla hayajamtoka. Akaurudisha waya mdomoni. Aibu ilimshika, ikampanda mpaka masikioni. Hata kifurushi cha intaneti cha simu mkewe hakuwa nacho. Yeye mwenyewe ndiye aliyemkataza, akisema mwenye kisima hanunui maji. Mwalimu hakugomba. Heri angegomba. Alivaa viatu, akavuka barabara, akaingia saluni kwa msusi jirani yao.

Bwana Toleo akabaki na ruta yake. Akaipigia simu kampuni, akapigiwa muziki, akaambiwa kwamba yeye ni mteja muhimu sana, akapigiwa muziki tena. Hatimaye dada mmoja akamsomea nywila herufi kwa herufi, kisha akamwuliza kama angependa kutoa maoni. Saa nane na dakika ishirini na tano mtandao ukarudi, kwa itifaki ileile ya zamani aliyoitukana mwaka na ushei. Hakufikiri mara mbili. Alitoka mbio, kandambili mguu mmoja, kwenda kumwambia mkewe arudi haraka, nyumbani kasi ni kubwa kuliko ya hapo.

Saluni ilikuwa kimya kama chumba cha mtihani. Mashine za kukaushia nywele zimezimwa, wanawake wanne wenye vichwa vilivyosukwa nusu wamejibana ukutani, na msusi kasimama katikati na chanuo mkononi, tayari kwa yeyote atakayekohoa. Juu ya kabati ilikuwapo ruta ya kampuni ileile, nailoni yake bado haijabanduliwa, imeanikwa taulo, na mtandao unapita bila wasiwasi. Bwana Toleo aliiona, ikamchoma moyo. Mkewe alikuwa kakaa kona, mgongo umenyooka. Kwenye skrini, mwenyekiti wa jopo la usaili, mzee mwenye miwani mizito, alikuwa akisoma karatasi.

"Mwalimu, faili lako linasema wewe ni mpole. Ukipata chini yako mtu anayeijua sana kazi yake, lakini hamsikilizi yeyote, utamfanyaje?"

Bwana Toleo alikuwa ameshainua mkono kumwita. Mkewe akageuka, akamwona pale mlangoni, anahema, kandambili moja.

"Mtu huyo namjua," akasema, na kurudi kwenye skrini. "Siku zote nimemwacha afanye atakavyo, halafu mimi natoka nje kutafuta njia nyingine. Nilidhani ndio uvumilivu. Leo nimeona ulikuwa woga. Mwalimu mkuu akitoka nje, shule inabaki na nani?"

"Kwa hiyo utamwambia nini?"

"Nitamwambia akae chini, asiguse kitu, anisikilize mpaka nimalize."

Wanawake wote wanne wakageuza shingo kuelekea mlangoni. Bwana Toleo alikuwa na mengi ya kusema, kuhusu kasi, kuhusu nywila, na kuhusu kampuni isiyojali maendeleo ya watu. Akaangalia kushoto, akaangalia kulia. Kiti kilichokuwa wazi ni kimoja tu, chini ya mashine ya kukaushia nywele.

Mwenyekiti akavua miwani. "Na asipokubali?"

Mwalimu akatupa jicho pembeni.

"Ameshakaa," akasema.