Moto wa Harleen

Shiku alikuwa nyumbani Southall, London, katikati ya muhula, amesimamishwa shule ya bweni wiki moja kwa kosa ambalo yeye aliliita utafiti na mwalimu mkuu aliliita sabuni kwenye supu. Ndiyo maana alikuwapo wakati Anti Ravinder, jirani yao, alipomwambia kwamba Lohri, sikukuu ya Wapunjabi ambapo mtoto aliyezaliwa huwashiwa moto, mwaka huu haina moto.

"Haina moto vipi, na Harleen amezaliwa?"

"Ndiyo sababu," Ravinder alisema, akimpigapiga mwanawe mgongoni. "Mama Jaspal anasema moto ni wa mtoto wa kiume. Wa kike anapikiwa halua, basi."

Mama Jaspal alikuwa mama mkwe wa Ravinder, mzaliwa wa Kisumu. Mwaka uliopita alimwashia mjukuu wa kiume moto ulioleta jirani mmoja mbio na ndoo ya maji. Na ni pale pale motoni, akitupa ufuta na bisi, alipomsimulia Shiku habari za Dulla Bhatti, jambazi wa Punjab. Dulla aliwapora matajiri. Aliwaokoa wasichana wawili, Sundri na Mundri, waliokuwa karibu kuuzwa, akawatafutia waume, akakoka moto msituni na kuwaoza kando yake, yeye akiwa ndiye baba. Zawadi ya arusi ilikuwa sukari, kwa kuwa hakuwa na kingine.

Shiku alilitafakari jambo hilo kwa uzito unaostahili. Sikukuu nzima imesimama juu ya wasichana wawili. Waondoe, na Dulla anabaki mwizi anayeota moto. Halafu msichana anazaliwa, anaambiwa moto si wake! Hasira ilimpanda hadi masikioni.

Dawa ilikuwa ndani ya mila yenyewe. Siku ya Lohri watoto huimba mlango kwa mlango wakipewa karanga na vitamu vya ufuta. Nyumba inayonyima huimbwa vibaya hapo hapo, na hakuna mkubwa wa kuwakanya. Shiku akawakusanya watoto wa mtaa, akajiteua kiongozi, akawakaririsha maneno ya Kiswahili. Watoto hawakuyaelewa. Hawakuwa wao waliotakiwa kuyaelewa.

Jioni Mama Jaspal alifungua mlango, sinia la karanga mkononi.

"Shiku, hata wewe? Na miguu mirefu hivyo?"

"Karanga hatutaki, Mama Jaspal. Tunataka moto wa Harleen."

Uso wa mama ukakunjamana. "Ya nyumba yangu hayakuhusu, wewe mtoto wa sabuni. Mimi sikuwashiwa moto kule Kisumu. Nilikufa?"

"Hukufa. Lakini Dulla angesema hivyo, Sundri na Mundri wangeuzwa."

"Unanifundisha Dulla? Si mimi niliyekusimulia?"

"Ndiyo maana nashangaa."

Mlango ukafungwa. Shiku akainua mikono kama kiongozi wa kwaya ya kanisa, na watoto wakapasua anga:

"Nyumba hii yala tamu, Dulla yamsifu sana,
Bali kuni huzificha, kwa mtoto msichana!"

Mtaa ule ulijaa wazee waliotoka Kenya. Madirisha yakafunguka. Mzee mmoja akacheka mpaka akakohoa, akaomba warudie. Wakarudia.

Katikati ya wimbo, moshi ukapanda nyuma ya nyumba. Wote wakakimbilia uani. Ravinder, mtoto kifuani, alikuwa amerundika mbao za kitanda kibovu na kuziwasha. Mbele yake alisimama Mama Jaspal na sufuria ya maji.

"Mwaga, Mama," Ravinder alisema. "Nitawasha tena."

Mama Jaspal aliutazama moto, akamtazama mkwewe, kisha mtoto.

"Hana kofia," alisema.

Akaweka sufuria chini, akaingia ndani, akatoka na kofia ya sufu. "Mlete. Kwetu mtoto anazungushwa na nyanya yake. Mila hamzijui, kazi yenu kelele tu."

Akauzunguka moto na Harleen mikononi huku akinung'unika kwa Kipunjabi, bila kumtazama mtu. Ravinder alifuata, akilia wazi. Shiku, ambaye alikuwa hajamsamehe mtu yeyote, alichota konzi la bisi katika mfuko wa mtoto mmoja akalitupa motoni kwa nguvu zote.