Kiti cha Pili Dirishani

Waongoza wageni wa magofu yale walikuwa wawili, na hapakuwa na mtu aliyewaita kwa majina waliyopewa na mama zao. Mmoja aliitwa Kinanda, kwa sababu ukimgusa tu analia, na hanyamazi mpaka uchoke wewe. Wa pili aliitwa Hatujui.

Hatujui alilipata jina lake kihalali. Mgeni akimuuliza nani aliijenga ile nyumba kubwa ya juu, alijibu kwamba ilijengwa na watu waliojua kuchonga mawe na waliokuwa na mali ya kuyapandisha mlimani. Akiulizwa mwenye nyumba alikuwa na wake wangapi, alisema, "Hilo hatujui." Akiulizwa kwa nini mji ulihamwa, aliwapeleka kwenye kisima, akawaonyesha jinsi alama za maji zinavyoshuka ukutani mwaka baada ya mwaka, kisha akasema kwamba kama kulikuwa na sababu nyingine, hilo nalo hatujui. Wageni wa meli za kitalii walimsikiliza kwa adabu, kama mtu anavyomsikiliza daktari wa meno.

Kinanda alijua kila kitu: nani alimpenda nani, alivaa nini, alilia wapi. Makundi yake yalishuka mlimani macho yamelowa, na pale langoni kofia zilinunuliwa kwa wingi. Mama wa kofia alikuwa na maelezo yake kuhusu jambo hilo. Mtu akishalia, alisema, jua humuuma zaidi.

Mke wa Hatujui alikuwa akiwakatia wageni tiketi kwenye kidirisha cha pale pale langoni. Watoto wao walikuwa wamekua na kuondoka, nyumba imebaki ya watu wawili, na watu hao wawili walipanda pamoja asubuhi na kushuka pamoja jioni. Kwa muda mrefu Hatujui hakumjali Kinanda. Alimchukulia kama muziki wa jirani: unausikia, unafunga dirisha.

Mama wa kofia ndiye aliyelifungua dirisha hilo.

"Shemeji," alimwambia siku moja, huku akipanga kofia zake kwa ukubwa, "siku hizi mkeo akifunga kidirisha haji kunywa chai na mimi. Anapanda juu. Kundi la Kinanda likiingia, naye yumo nyuma."

Hatujui alisema labda anapenda hadithi.

"Na panya hupenda gunia, shemeji. Lakini si kwa ajili ya gunia."

Kuna wivu unaovunja vyombo, na kuna wivu unaokusanya ushahidi. Wa Hatujui ulikuwa wa aina ya pili. Tangu siku hiyo alianza kumtazama mke wake kama anavyotazama ukuta uliofukuliwa jana, bila kugusa na bila kukisia. Aliona kwamba amenunua kitambaa kipya cha kichwa, cha kijani. Siku ya kwanza alikifunga fundo likakaa kushoto, siku ya pili akalihamishia kulia, na kulia likabaki. Aliona kwamba Kinanda akipita kidirishani na kusema, "Shemeji, leo wametuletea wangapi?" yeye hujibu huku anatabasamu, ingawa swali lenyewe halina la kuchekesha. Aliona kwamba akishuka kutoka juu huwa kimya mpaka nyumbani. Kila kimoja peke yake hakikuthibitisha lolote. Vyote pamoja vilimnyima hamu ya kula.

Ikaja ile meli nyeupe, kubwa kuliko zote za msimu ule, ikashusha watu mlima mzima ukajaa kofia. Kundi la kwanza la Hatujui lilichoka mapema likaomba kivuli. Aliliacha chini ya ukuta wa ghala, akapanda peke yake hadi nyumba kubwa, akasimama nyuma ya jiko la kale, mahali ambapo ukuta una ufa. Alijua kabisa kwamba mtu mzima hasimami nyuma ya ufa. Akasimama.

Kinanda alikuwa ameshawafikisha wageni kwenye chumba cha dirisha. Chini ya dirisha lile, linalotazama bahari, kuna viti viwili vya mawe vilivyoelekeana, vimejengwa ndani ya unene wa ukuta. Kimoja kimelika katikati, kimebonyea kama upawa. Cha pili ni bapa, kingo zake kali, utadhani fundi ametoka sasa hivi kwenda kunawa.

"Hapa alikaa bibi wa nyumba," alisema Kinanda, na sauti yake ilianza kukwaruza kwa kazi ya asubuhi ile. "Na hapa palikuwa pa bwana. Tazameni wenyewe. Kiti cha bibi kimeisha kwa kungoja. Cha bwana hakijaguswa. Binadamu hudanganya, mawe hayadanganyi."

Wageni wakatazama. Mke wa Hatujui alikuwa mlangoni, ameegemea jiwe, mikono ameikunja kifuani.

"Siku moja," Kinanda akaendelea, "bibi alishonewa nguo mpya. Akaivaa, akaja mpaka hapa, akajizungusha mbele ya mumewe. Akamwuliza, 'Unanionaje?' Bwana akamtazama toka juu mpaka chini, akafikiri. Akasema…"

Midomo ya mke wa Hatujui ilicheza. Alilitamka neno kabla ya Kinanda, bila sauti.

"'Imekutosha.'"

Wageni walicheka. Mke hakucheka.

Hatujui aliondoka kwenye ufa kwa uangalifu, kama mtu aliyebeba kitu kilichojaa pomoni. Neno lile lilikuwa lake. Alilisema chumbani kwao, asubuhi ya harusi ya binti yao wa kwanza. Fundi alikuwa ameshaiharibu nguo moja, ya pili ililetwa alfajiri, na mke wake alipoivaa na kumgeukia, Hatujui alikagua mabega, akakagua kiuno, akaona hakuna kasoro, akasema imekutosha. Kwake ilikuwa sifa, tena sifa isiyo na chumvi. Hakujua kwamba neno hilo liliokotwa na kutunzwa.

Kama angewakuta wameshikana mikono, angejua la kufanya, maana mkono ni mkono. Lakini hili lilikuwa neno la chumbani katika kinywa cha mwanamume mwingine, na watu waliotoka baharini wanalicheka. Halikufika huko kwa miguu yake. Kuna aliyelipeleka.

Adhuhuri alimkuta Kinanda bombani, anasukutua koo. Akamwuliza hadithi ya nguo ameitoa wapi.

"Hadithi, kaka, ni kama maji ya bomba," alisema Kinanda kwa mnong'ono, maana sauti ilikuwa imemwishia kabisa. "Nani huuliza yametoka wapi?"

"Mimi nauliza."

Kinanda alijifuta mdomo. Alikuwa na meno mazuri, jambo ambalo Hatujui hakuwahi kulitilia maanani kabla ya msimu huu.

"Basi," alinong'ona, "hilo hatujui."

Alasiri ikabaki kazi ya kundi la mwisho, na Kinanda hakuwa na sauti hata ya kumwita paka. Msimamizi wa matembezi kutoka melini, mama mmoja mwenye kibendera na haraka, aliunganisha watu wote pamoja akamkabidhi Hatujui. Mbele yao alikuwa bibi mmoja mwenye mkongojo, ambaye hakuficha alichokijia. Jirani yake wa chumba melini, alisema, amerudi mchana macho mekundu, hajapata kufurahi hivyo tangu wapande meli. Yeye naye amepanda mlima mzima kwa goti hili bovu. Anataka dirisha, anataka ile hadithi, na akibahatika anataka kulia.

Hatujui aliwapitisha kisimani, akawapitisha ghalani, akawaeleza yanayojulikana. Walimfuata kama watoto wanaosubiri kuvushwa hesabu ili wafike kwenye kucheza. Walipoingia chumba cha dirisha, aligeuka ahesabu watu wake, akamwona mke wake mlangoni.

Akili yake ilisimama. Kinanda alikuwa chini, ameketi karibu na kofia, amefunga shingo taulo. Kila mtu alijua, na mkata tiketi alijua kabla ya wote. Na bado alikuwa amepanda. Ushahidi huu haukukaa popote katika ule aliokuwa ameukusanya, na Hatujui hakuwa mtu wa kuutupa ushahidi kwa sababu haukai.

"Haya, bwana," alisema bibi mwenye mkongojo. "Alivaa nguo, tumeambiwa hadi hapo. Mume akamwambia imekutosha. Halafu?"

Angeweza kumalizia apendavyo. Hilo lilimpitia, na lilikuwa tamu: angeweza kusema kwamba bwana aligundua mkewe anamwaga siri za nyumba barazani, akamfungia mlango. Nani angembishia? Alimtazama mke wake, na mke wake alimtazama, hana tabasamu lile la kidirishani. Anasubiri.

"Hadithi hiyo siwezi kuimalizia," alisema Hatujui. "Haimo katika nyumba hii. Hatuna jina la mtu hata mmoja aliyeishi humu, wala nguo yake."

Mtu mmoja nyuma alishusha pumzi kwa sauti.

"Lakini viti vipo," alisema bibi. "Au navyo unavikana? Mimi naviona. Bwana hakukaa na mkewe hata siku moja."

"Viti vipo," alikubali Hatujui. Akapiga magoti, jambo ambalo wageni hawakulitarajia, na mke wake pia. "Sogea, bibi. Tazama kile kilicholika, rangi ya jiwe lake. Sasa tazama hiki. Hiki kina chembe nyeupe, kile hakina. Havikutoka mahali pamoja. Na chokaa iliyokishika hiki ni laini, ya baadaye. Tindo iliyokichonga ilikuwa na meno, na katika nyumba nzima sijaona jiwe jingine lenye alama za meno. Hiki si kiti cha kwanza. Ni cha kuziba pengo."

"Na cha kwanza kiko wapi?"

"Kipande chake kimebaki hapa, pembeni, kimebanwa na ukuta. Pitisha kidole."

Bibi alimpa mtu mkongojo, akainama kwa shida, akapitisha kidole. Kipande kile cha jiwe kilikuwa chembamba, kilaini kama sabuni iliyotumika, na kilishuka ghafla kuelekea ndani.

"Kimebonyea," alisema.

"Kimebonyea kuliko kile cha upande wa pili. Kililika mpaka kikavunjika, ndipo likawekwa jiwe jipya. Muda mfupi baadaye mji ukahamwa, kwa hiyo jipya halikuwahi kuchakaa."

Hatujui aliinuka, akakung'uta magoti.

"Kuna mtu alikaa pale, na kuna mtu alikaa hapa. Walikaa sana. Viti vimeelekeana, kwa hiyo walitazamana. Zaidi ya hapo…"

"Zaidi ya hapo nitajaza mwenyewe," alisema bibi. Hakulia. Lakini kidole chake alikirudisha kwenye jiwe, na msimamizi wa kibendera ilibidi amwite mara mbili.

Kundi liliposhuka, mke wake hakushuka nalo. Alikuja mpaka dirishani. Hatujui alikuwa amejiandaa kuuliza kwa utulivu, lakini swali lilitoka kama jiwe lililoponyoka mkononi.

"Ulimwambia nini Kinanda?"

"Kinanda? Sijamwambia neno. Nilimwambia mama wa kofia, tunakunywa chai, miaka imepita. Na yule kinywa chake unakijua, ni lango lisilo komeo. Kwani ni nani aliyekuambia kwamba mimi napanda huku?"

Hatujui alimtaja.

"Umeona sasa," alisema mke wake.

"Lakini ulipanda. Kila meli."

"Nilipanda, sikatai. Mara ya kwanza niliposikia neno langu linatoka kwa yule mtu, nilitaka kumpiga kwa kiatu. Halafu nikataka kujua huyo bibi aliishia wapi. Kumbe kila meli anamalizia tofauti. Mara anaondoka na nahodha. Mara anajitupa dirishani. Mara bwana anakufa, bibi anabaki na nyumba." Akatua kidogo. "Nilikuwa nangoja nione mwisho upi utanitosha, na leo nikataka kuusikia wako."

"Upo uliokutosha?"

"Ule wa nyumba haukunikaa vibaya."

Hakuwa akitania, wala haikuwa kwamba hatanii. Hatujui alihisi hofu ambayo Kinanda, pamoja na meno yake yote, hakuwahi kumtia.

"Hili la jiwe," mke wake akauliza, "umelijua tangu lini?"

"Tangu mimi na wafukuaji tulipoikwangua ile chokaa. Mtoto wetu wa mwisho alikuwa hajazaliwa."

"Na ukanyamaza miaka yote, ukamwacha yule akatangaza kwamba bwana hakukaa."

"Hakuna aliyeniuliza."

Mke wake alitingisha kichwa. Kisha akajikalisha kwenye kiti kilicholika, kikampokea kana kwamba kilichongwa kwa ajili yake, akamwonyesha cha pili kwa kidevu.

"Kaa."

"Pameandikwa watu wasikae." Kibao kilikuwa pale pale, kwa rangi nyekundu.

"Nani kaandika?"

"Mimi."

"Basi mwombe ruhusa."

Alikaa. Kingo za jiwe zilimkata mapajani. Toka chini walisikia mama wa kofia akinadi kwa wageni wa mwisho, na katikati ya maneno yake Kinanda akikohoa. Hatujui aligundua kwamba kikohozi kile bado kinamkera.

"Kitambaa hicho," alisema. "Kinanda alikisifia?"

"Kila mtu alikisifia. Isipokuwa mtu mmoja, ambaye hata hakukiona."

"Nilikiona. Siku ya kwanza fundo lilikuwa kushoto. Siku ya pili ukalipeleka kulia, na hujalirudisha. Ile siku ya upepo lilifunguka ukalishika kwa meno huku unakata tiketi."

Mke wake aligeuka kutoka baharini, akamtazama kwa muda. Mkono wake ulipanda polepole mpaka kwenye fundo.

"Na lipi lilipendeza?"

"La kushoto," alisema Hatujui, na hakutoa sababu.